Siku Arobaini na Mbili

Fundi wa mashine za kukatia nyasi hukaza nati kwa vidole viwili, taratibu, na simu ya karakana ikilia, bega lake la kulia huanza kuzunguka kabla hajainuka. Verlene, jirani yake hapo Toledo, Marekani, aliliangalia bega hilo miaka mingi, hadi siku moja uzalendo ukamshinda.

"Mzee, besiboli ya ligi kuu ulicheza siku ngapi?"

"Kucheza, moja. Lakini pensheni ya ligi kuu haiangalii kucheza, jirani. Uwe kikosini siku arobaini na tatu, hata kama unasugua benchi, umeipata."

"Wewe ulikaa ngapi?"

"Arobaini na mbili. Kesho yake, siku ya arobaini na tatu haijahesabiwa, simu ya benchi ikalia. Nikajua naitwa uwanjani kurusha mpira, nikazungusha bega kulipasha moto. Kumbe narudishwa ligi ndogo."

Simu ikalia. Bega likazunguka.