Spika Dirishani, Mama Mlimani

Watu wa kijiji chetu, hapa kandokando ya Ziwa Nyasa, kusini kidogo ya Liuli, watakuambia mimi ni mbishi. Ni kweli, wala sikatai. Siku za kazi ni fundi cherehani, Jumapili ni mpiga gitaa wa kwaya, na kazi zote mbili ukizifanya kinyonge watu wanakupanda kichwani. Lakini kwa ubishi mama yangu mzazi simfikii hata magotini.

Mama aliiongoza kwaya yetu tangu sijaota meno. Alisimama mbele, mgongo kwa waumini, mikono juu. Ukikosea alikunyooshea kidole kimoja tu bila kuacha kuimba, na kidole kile kilitosha kukukosesha usingizi. Kisha mwaka juzi akateleza akitoka kuchota maji, nyonga ikavunjika. Hospitali walifanya walichoweza, lakini kutembea ikawa basi tena. Nyumba yetu iko mlimani, kanisa liko chini karibu na maji, na njia ni mawe matupu. Tukamwambia tutakubeba. Alifura!

"Mimi niliyesimama mbele ya watu miaka yote hiyo, leo niingizwe kanisani mikononi mwa watu wakinitazama? Nendeni zenu. Niacheni."

Tukaenda. Mwanzoni alikuwa anakaa barazani kila Jumapili, ametega sikio. Sauti zetu zilikuwa hazifiki. Nikirudi ananiuliza, "Leo mmeimba kweli?" Baadaye akaacha kuuliza. Ikifika Jumapili anageukia ukutani, uji unapoa, na ukimsemesha anajibu kwa kichwa. Siku moja akatamka, tena taratibu kabisa, "Kwenye kwaya nimeshatoka, kanisani nimeshatoka. Kumebaki huku duniani tu."

Jamani, maneno yale yaliniuma. Bora angenifokea. Nilijaribu kumpigia simu katikati ya misa ili asikilize, lakini mtandao ulikatika hata ubeti wa kwanza haujaisha, naye akasema alichosikia ni mkwaruzo kama wa mtu anayeparua masufuria. Nilikasirika, si kwake, kwa kila kitu. Nikajiapia kwamba mama yangu atatusikia, atake asitake.

Kwaya ina amplifaya ya gitaa, ndogo, imebeba spika yake ndani, ukubwa wake kama kreti ya soda. Nyuma yake kuna tundu la kuchomekea spika nyingine ya nje. Nililiona tundu hilo miaka yote nisilitie maanani. Sasa nikalikodolea macho. Dirisha la pembeni la kanisa linatazama mlimani, na upepo wa mchana hutoka ziwani ukapanda juu. Tukiweka spika ya pili pale dirishani, gitaa litafika nyumbani. Na mama akisikia gitaa, wimbo wote anao kichwani.

Padri alikubali. Seremala wetu wa mitumbwi alinitengenezea boksi la mbao, kazi safi, viungo vimekaza kweli kweli. Iliyobaki ni spika yenyewe, na hiyo ikanipeleka mjini Mbinga.

Fundi wa redio kule ni mtu wa maneno mengi. Hata sijakaa, kashanitolea spika ya gari.

"Hii hapa, dada yangu. Ukiifungulia hii, mpaka Kitai watacheza."

"Ina ohm ngapi?"

"Ala! Wewe umekuja kununua spika au umekuja kunipa mtihani? Spika ni spika."

"Spika si spika," nikamwambia. Nilikuwa na sababu. Amplifaya yetu ya kwanza iliungua mbele ya macho yangu, vijana walipoibandikia spika za kuokoteza ili ipige zaidi. Tangu siku ile nilijifunza kwamba hiyo namba ya ohm kadiri inavyopungua ndivyo amplifaya inavyobebeshwa mzigo mzito. Nikamwonyesha fundi picha niliyoipiga kwa simu: kando ya tundu imeandikwa isipungue nne. "Ya ndani ni ya nane. Nikiiongezea hiyo yako ya nne, si nitashuka chini ya hapo? Nitafutie ya nane."

Akanung'unika, akapekua, akavuta spika kutoka chini ya meza, akaipima kwa mita yake. Nane. Nikamwomba na waya. Akanipa waya wa gitaa. Nikaurudisha, maana ule ni mwembamba, wa kupitishia sauti changa kutoka kwenye gitaa, si wa kubeba nguvu ya spika. Akanikatia waya mnene wa njia mbili, akacheka, "Mume wako ana kazi." Nikamwambia mume wangu hajalalamika, alalamike yeye?

Jumamosi, kwenye mazoezi, nikaweka boksi dirishani, uso umeelekea mlimani. Amplifaya nimeizima. Nikachomeka, nikashusha sauti mpaka mwisho, nikawasha, nikaipandisha kidogo kidogo. Nikagusa nyuzi. Nje gitaa likalia vizuri mno, mpaka mbuzi wakainua vichwa. Ndani, kimya. Spika ya amplifaya yenyewe haikutoa hata chafya. Nikajua nimeiua.

Nikachomoa waya. Ya ndani ikalia. Nikachomeka, ikanyamaza. Hapo ndipo nikaelewa: lile tundu limetengenezwa hivyo, ukichomeka spika ya nje linaikata ya ndani. Sauti yote inakwenda kwa mama, na kwaya inabaki haina gitaa.

Mwalimu wa kwaya, kijana aliyeshika nafasi ya mama, alikuwa ameshakunja mikono. "Dada, chagua. Kwaya au mama yako. Kanisa si la mama yako peke yake."

Mori ulinipanda, acha. Maneno niliyotaka kumwambia hayasemeki kanisani, nami nilikuwa kanisani. Nikatoka nje kwanza, nikavuta pumzi. Ukweli ni kwamba hakukosea. Waimbaji thelathini hawawezi kufuata gitaa linalopigia mbuzi. Lakini mimi kuchagua sichagui. Nikampigia fundi wa Mbinga.

"Nilijua tu utanitafuta," akasema.

"Cheka haraka, kisha nisaidie."

Akacheka, kisha akanisaidia, na safari hii kwa makini. Akaniambia nizime umeme na kuchomoa waya wa ukutani kabisa. Nifungue mgongo wa amplifaya, niitoe ile spika ya ndani kwenye nyaya zake za zamani, nizifunge nyaya hizo zisigusane wala kugusa chuma. Halafu kwenye jeki moja inayoingia lile tundu nitoe nyaya jozi mbili: moja iende spika ya ndani, nyingine dirishani. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, la sivyo spika moja itavuta wakati mwenzake anasukuma. "Nane na nane zikikaa sambamba hivyo zinakupa nne," akasema. "Hapo ndipo mwisho wako. Ukiongeza ya tatu usinipigie."

Nilifanya kazi ile sakafuni, kwa bisibisi ya cherehani yangu na solda ya kuunganishia nyaya niliyoazima kwa mwenye duka la simu. Nilijichoma kidole. Mwalimu wa kwaya alisimama pembeni akisema "huwezi kuifunga tena hiyo", mpaka nikamkabidhi tochi ashike anyamaze. Nilipowasha, nikagusa nyuzi, zikalia zote mbili, ndani na dirishani. Waimbaji wakapiga vigelegele. Nilikaa palepale sakafuni.

Jumapili nilipiga huku nikitupa jicho dirishani. Sikuweza kujua kama sauti inafika. Upepo ulikuwepo, lakini je, umetosha? Je, amegeukia ukutani na dirisha la chumba limefungwa? Nilipiga tu. Misa ilipoisha sikusubiri kusalimiana na mtu. Nilipanda mlima kwa haraka isiyo ya umri wangu.

Mama alikuwa barazani. Mjukuu wake alikuwa amemtoa na kiti. Uso wa mama umekunjamana.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. Akaanza kwa Kinyasa, lugha anayoitumia akikasirika, nami hapa nakuwekea kwa Kiswahili kikiwa kimepungua ukali. "Ule wimbo wa sadaka. Nani kakufundisha kukimbia vile?"

"Mama, umesikia?"

"Mimi ni kiziwi? Ubeti wa pili umeukimbiza kama unafukuzwa na mbwa. Wenye sauti ya kwanza wamepumulia wapi? Wapi? Hakuna pa kupumulia! Na huyo kijana aliyesimama mbele alikuwa anatazama nini?"

Nikacheka na machozi yakanitoka, vyote pamoja, sikujali. Miezi mingapi hakuwa amenigombeza! Alinitazama nikijifuta kwa khanga. Kisha akaushika mkono wangu, akaona kidole kilichoungua, akakigeuza huku na huku bila kuuliza.

"Jumapili ijayo mnibebe," akasema. "Watazame wanavyotaka. Siwezi kukaa huku juu nikiwasikiliza mnaiharibu kwaya yangu."

Uji niliowekewa sikuumaliza. Niliteremka kutafuta kiti chenye mikono imara, na wanaume wanne wasio na tabia ya kucheka ovyo.