Kwaresima Aliyonifungia Mama Mkwe

Wapendwa, nimelisema jambo hili mara nyingi. Mnivumilie.

Kabla wakoloni hawajatangaza Hali ya Hatari nilikuwa mke mwenye nguvu zake hapa Meru. Mzigo wangu wa kuni ulimshinda mwanaume. Kisha mume wangu akatiwa kizuizini, nasi tukahamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba. Nikabaki na mama yake. Hakuwa amebatizwa, alipenda ugoro wake, na nikisali alinicheka.

Wakati huo watu walikuwa wakila kiapo cha wapiganaji wa msituni kwa nyama ya mbuzi, nami sikutaka kukishiriki. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu nikamwahidi Mungu kwamba nyama haitapita kooni mwangu hadi Pasaka.

Wiki ya pili, nikichimba handaki, tumbo likanishika. Nikahara damu. Nilijichafua nilipolala, hata nzi nikashindwa kumfukuza. Dresa, mtoa dawa wa kijiji, akasema nisipopata supu sitamaliza wiki. Mama akaomba miguu ya mbuzi kwa jirani, akaichemsha na mizizi, kama wafanyiwavyo wanawake waliojifungua kwetu. Nikafumba mdomo. Nilimwogopa Mungu kuliko kifo. Mama akaenda getini aruhusiwe kutoka akamwulize padri. Homgadi, askari waliotulinda, wakamrudisha, leo na kesho yake.

Siku ya tatu akaketi kando yangu na kikombe.

"Mwanangu, ahadi ni mzigo. Nitwike mimi. Tangu leo nyama siigusi, wala ugoro. Wewe kunywa."

Nikanywa. Baada ya siku kumi nikasimama kwa kushika ukuta.

Ndipo yeye akaanza kuhara damu. Nilimpikia supu ileile. Nikamsihi, nikalia, nikamwambia nimepona, anirudishie ahadi yangu. Akageuza uso ukutani.

"Pasaka bado."

Alifariki Alhamisi Kuu, kibuyu cha ugoro kimejaa.

Padri alipoingia baadaye nilimwuliza. Akasema mgonjwa hafungi, Kanisa halijawahi kumdai. Ee Mungu wangu! Hatukujua, na wa kutuambia alikuwa ng'ambo ya handaki.

Namshukuru Mungu kwa uhai huu. Na nyinyi, mkiugua, kuleni. Kabla ya kuahidi, ulizeni.

Kitabu cha ubatizo hakina jina lake, na kwenye misa ya marehemu hasomwi. Basi nawaomba mlishike jina hilo, mmwombee. Aliitwa Kathambi.