Kalunde, Eka

Kalunde anauza misumari na rangi katika duka moja la Tawa. Sataranji alifundishwa na kakake, Kitonga, kwenye ubao waliouchora juu ya kipande cha katoni. Kitonga alifungua kila mchezo kwa kumsukuma askari wa pembeni kabisa, hatua ambayo wachezaji wazoefu huicheka. Kila dadake aliponyoosha mkono kumla askari huyo, alimwambia kwa Kikamba, "Kalunde, eka." Acha. Kwa nini aache, hakuwahi kumweleza.

Miaka tisa iliyopita Kitonga alipanda lori la wanunuzi wa mbuzi kwenda kaskazini, na simu yake ikazimika. Mama yao hadi leo hakubali kanisa limtaje miongoni mwa marehemu.

Mwezi Agosti, kwenye mashindano ya wazi ya mji wa Wote, Kalunde alihitaji sare moja tu ili aingie katika timu ya kaunti. Orodha ya wachezaji ilimtaja kwa jina la ubatizo, Esther. Mpinzani wake wa mwisho, Guled, mfanyabiashara wa ngozi kutoka Garissa, alicheza nyeupe. Akamsukuma askari wa pembeni.

Kalunde alikaa dakika sita bila kujibu, saa yake ikihesabu. Kufikia hatua ya nane, askari yule alisimama wazi, farasi wa Kalunde akiweza kumla. Mkono wake ulikwenda, ukasita hewani.

"Kalunde, eka," Guled alinong'ona.

Mwamuzi alimwonya. Kuzungumza na mpinzani ni marufuku mpaka mchezo uishe. Kalunde alimtazama Guled, kisha akamlaza mfalme wake ubaoni, ishara ya kukubali kushindwa.

"Umeisha," alimwambia mwamuzi. Akamgeukia Guled. "Jina langu umelitoa wapi?"

"Jina gani, dada? Kalunde si ndiyo nyeusi?"

Alieleza kwamba Mkamba mmoja aliyechunga mifugo mnadani ndiye aliyemfundisha, na kila aliyeshika nyeusi alimwita hivyo. Guled alidhani ni lugha ya sataranji.

"Yuko wapi?"

"Tulimzika Februari. Hakuwahi kutuambia kwao ni wapi."

Kalunde alikuwa na swali moja tu zaidi: kwa nini askari yule aachwe.

"Alisema nyeusi asipomla huyo, hashindwi."

Askari alikuwa bado amesimama pale. Mfalme wa Kalunde alikuwa amelala.