Nilikuwa ndani arubaini, mume wangu akaitupa folda yangu ya uwani

Admin, jina langu lifiche vizuri tafadhali, maana mawifi zangu wote wanakusoma, na mmoja wao ulimi wake Mungu ndiye anayeujua.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nakaa Mwanakwerekwe, na binti yangu ndiyo kwanza katoka arubaini. Mimi na mume wangu, nimwite Hamadi, sote kazi yetu kompyuta. Kabla hatujaoana tulitengeneza programu ya simu inayowaambia wakulima wa mwani maji yanatoka saa ngapi na yanarudi saa ngapi. Ni ya bure, na kodi zake, yaani yale maandishi yanayoiendesha, tumeziweka wazi mtandaoni. Mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzijadili na kuchangia, na kila mabadiliko yanabaki na jina la aliyeyafanya.

Folda nilizipanga mimi, kama nyumba ya kwetu. Baraza ni kile anachokiona mtu akifungua programu. Jikoni ni hesabu za maji, nilizoziandika mimi. Uwani nikaweka marekebisho ya pwani ya mashariki, kwa sababu kule ndani ya mwamba maji huchelewa kutoka, hayafuati saa za bandari ya mjini. Nilikwenda kuyapima mwenyewe na shangazi yangu anayelima mwani, jua la utosi, miguu imechomwa na miiba. Nikayatia uwani kwa sababu kwetu kazi yote ya nyumba ni uwani: samaki huparwa huko, mchele hupetwa huko, nguo hufuliwa huko. Jikoni ni kumalizia tu. Hamadi akacheka, akasema, "Haya bibie, nyumba yako."

Mimba ya kwanza ikaja, nikaenda kujifungulia kwa mama, shamba, kama desturi. Mama akaifungia kompyuta kabatini, na simu nikipewa ni ya kusalimia tu. "Mzazi hakodoi macho kwenye vioo," akasema, "uje uumwe kichwa uzeeni umlaumu nani?" Nikatulia. Nakandwa, nakunywa uji wa pilipili manga, nanyonyesha. Nilikuwa na raha zangu, siwafichi.

Kumbe huku nyuma Hamadi na rafiki yake anayefanya kazi hotelini Kendwa wameamua kuzipanga folda upya. Huyo rafiki aliandika kwenye majadiliano, mbele ya watu wote, "Hizi folda zimepangwa kama nyumba ya bibi kizee." Wakatia majina ya kisasa. Walipofika uwani hawakufungua hata faili moja. Wanaume wetu hawa uwani wanapajua kwa kupita tu wakienda chooni, kwao ni mahali pa magunia matupu na baiskeli mbovu. Wakaifuta folda yote. Na programu isipoyaona yale marekebisho haisemi kitu, inatoa saa za bandarini tu.

Malalamiko yakaanza. Wanawake wanateremka na kamba zao za mwani maji bado yako kiunoni, wanasubiri juani, wengine wanarudi mikono mitupu. Watu hawakutafuta nani kafuta nini, wakatazama tu nani kaandika hesabu za maji. Jina langu! Mmoja akaandika, "Aliyeandika hii hajawahi kutia mguu baharini." Mwengine, "Ndiyo hasara ya kumpa mwanamke kazi ya hesabu." Yote hayo Hamadi aliyasoma, akajibu, "Tunalishughulikia." Basi. Jina la mkewe linasagwasagwa, yeye kimya.

Niliporudi nyumbani nikafungua kompyuta, nikayasoma yote hayo. Nikamuuliza, "Hamadi, folda ya uwani imekwenda wapi?"

"Tulisafisha."

"Mlifungua mkaona mna nini?"

Akamchukua mtoto akawa anambembeleza, na mtoto wala halii. Kisha akasema, "Nlidhani takataka. Nisamehe."

Wallahi ningemsamehe palepale. Lakini akaongeza: "Marekebisho yarudishe, ila ingia kwa jina langu, na usiandike kilichotokea. Mimi na mwenzangu tushajisifu kwa ule mpango mpya, watu watanicheka. Wewe uko nyumbani na mtoto, nani anakutafuta?"

Khaa! Nani ananitafuta! Nililia mpaka mtoto naye akalia kweli sasa.

Nikampigia mama. Akaniambia, "Mwanangu, mke na mume ni nguo, husitiriana. Msitiri mwenzio." Jamani, mimi nataka kumsitiri, nampenda, ni baba wa mwanangu na si mtu mbaya. Lakini yeye aliponiona niko uchi mbele za watu mbona hakunitupia hata kanga?

Kwa sasa shangazi nampigia mwenyewe nimtajie saa, awaambie wenzake. Lakini kijiji chake ni kimoja, na programu inatumika pwani nzima. Jana aliniuliza kwa upole, "Wanasema umekosea hesabu, mwanangu. Si tulipima pamoja?" Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Marekebisho nshayatayarisha. Kilichobaki ni jina na mstari mmoja wa maelezo. Nikiandika ukweli, mume wangu anaaibika mbele ya watu ambao kesho ndio watakaompa kazi, na sijui nitalala nyumba gani. Nikiweka jina lake, wale wanawake watapata saa zao, na mimi nitabaki kuwa yule asiyejua bahari, hata binti yangu akija kukua atayasoma hayo. Bamvua linaingia wiki hii, maji yatatoka mbali na wote watateremka, siwezi kuendelea kungoja. Mlioolewa, mliooa, na nyie mnaojua kazi hizi za kompyuta, nisaidieni mwenzenu: niweke jina la nani?