Sufuria Ambayo Sikuipima

Kazi yangu ni kutengeneza vitu visivyoshikika. Nakaa ofisini Posta mbele ya kompyuta, napanga atomu za chuma au za dawa moja baada ya nyingine, kisha naiachia mashine ikokotoe zitashikana vipi, zitaachana vipi, joto likipanda itakuwaje. Sina chupa, sina moto, sivai koti jeupe. Nyumbani waliniita mkemia na sikuwasahihisha, maana kueleza kulinichosha.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye pekee aliyejali kuelewa. Alikuwa na karakana mtaani Gerezani, anayeyusha aluminiamu chakavu na kuimimina kwenye kalibu kusubu sufuria, zile nene zenye masikio ambazo mama lishe wa Kariakoo walikuwa wakizigombania kwa sababu haziunguzi wali. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenilea, na tangu nimalize chuo hakufanya jambo bila kuniuliza. Dawa ya presha ainywe kabla ya kula au baada? Maji ya kisima yachemke kwa muda gani? "Ngojeni mwenye elimu yake aje," aliwaambia mafundi wenzake, na mimi kichwa kinavimba. Nilipenda kuulizwa na mzee yule kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa kazini.

Siku moja nilimpitia nikitoka kazini. Nikamwamkia, shikamoo mjomba, akaitikia marahaba mama, huku anafuta jasho. Akaniambia kuna mama lishe mmoja, mteja wake wa siku nyingi, amesikia kwamba sufuria za kusubu zinatoa sumu ukipikia ndimu au ukwaju.

"Na wengine wameanza kunong'ona. Hebu niangalizie kwenye hiyo mashine yenu, nijue cha kuwajibu."

Nikamwambia niachie mimi. Nikajenga kipande cha aluminiamu kwenye kompyuta, safi kabisa, kila atomu mahali pake. Juu yake nikatandika ule utando mwembamba unaoikinga isiliwe, nikamwagia maji na asidi ya ndimu. Ndivyo tulivyofundishwa: anza na kitu safi, uchafu utauongeza baadaye ukipata muda. Tena kitu safi kinakokotoleka haraka na picha zake zinapendeza. Utando ule ulishika, haukutoa kitu. Nikampigia simu mjomba, nikamwambia alale usingizi wake.

Sasa upumbavu wangu niueleze vizuri, usije ukanionea huruma. Lundo la skrepa la mjomba lilikuwa mlangoni pale, huwezi kuingia bila kulikwepa, na mimi nimelikwepa miaka nenda rudi. Mlikuwa na vichwa vya injini, fremu za madirisha, na rimu za magari, nyingine bado zina vile vipande vya risasi vinavyogongewa ukingoni ili gurudumu lisitikisike. Risasi ile ile ya kwenye betri, sumu ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Vyote vinatumbukia tanurini pamoja. Niliviona kwa macho yangu haya haya, halafu nikakaa mbele ya kompyuta nikavisahau.

La pili ndilo baya zaidi. Wiki iliyofuata nilimkuta akimwambia yule mama lishe, kifua mbele, "Mwanangu kazipima sufuria zangu. Hazina neno." Wapi! Sikuwa nimepima kitu, nilikuwa nimekokotoa sufuria ambayo haipo duniani. Ningeweza kusema pale pale, mjomba, hebu ngoja, nipe moja niipeleke maabara. Lakini yule mama alinigeukia, akanishukuru, akasema Mungu akuzidishie. Nikaitikia amina. Najichukia kwa ile amina mpaka leo. Akaondoka na sufuria mbili kubwa.

Ikapita miezi. Halafu nikamsimulia mwenzangu mmoja anayefanya kazi maabara, kwa majigambo, eti hesabu zangu zimemsaidia mzee wangu. Akauliza swali moja tu: "Anayeyusha nini huyo mzee?" Hapo ndipo lile lundo la mlangoni liliponirudia. Kesho yake nilimpelekea sufuria ya jikoni kwetu, zawadi ya mjomba mwenyewe. Akachemsha ndani yake maji ya ndimu, akayapima. Risasi ilikuwemo, na si ya kutafuta kwa tochi. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja hata sijazeeka.

Siku ile ile nikaenda Gerezani kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Kwani ile mara ya kwanza ulipima ipi?"

"Sikupima, mjomba. Niliitengeneza kwenye kompyuta."

"Na mimi nilipowaambia watu umepima, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza. Alizima feni ya tanuri, akanawa, akabadili shati, na kuanzia siku ile akazunguka Kariakoo jiko kwa jiko kuomba sufuria zirudishwe, akisema kosa ni lake. Nilitaka kufuatana naye, akakataa, akasema mimi nina kazi ofisini. Nyingi hazikupatikana. Waliokula humo sitawajua, na wao hawatanijua.

Siku hizi anakunja majiko ya mkaa ya bati. Nikienda tunasalimiana vizuri tu, ananiuliza habari za nyumbani, ananiagizia kahawa. Juzi nilimkuta na kopo la rangi ya kupakia majiko, analigeuzageuza, anahangaika na maandishi madogo. Akamwita jirani yake anayeziba pancha.

"Eti hii rangi ikipata moto ina madhara?"

Nilikuwa nimekaa ubavuni pake, kikombe mkononi. Yule fundi akanitazama mimi. Mjomba akalirudia swali, kwa fundi yule yule.