Sabato ya Mtu Mmoja

Hebu mwoneni Melchior akija, wapendwa wangu. Ni Ijumaa, jua la Bellevue, mtaa wetu, linateremka, naye anavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, bila haraka: kofia nyeusi ya mtumba imemfika kwenye nyusi, mkate wa kusuka kwapani, mdomoni wimbo usio na neno hata moja. Yai-dai-dai. Ulikuwa mwaka ule baada ya Kombe la Dunia kuchezwa hapa kwetu, na sisi wapangaji wenzake tulidhani kelele zimekwisha.

Msimcheke mapema. Mrundi huyu alikuwa anakanda unga kwa mzee mmoja wa Kiyahudi mwenye duka la mikate kule Orange Grove. Mzee alimfundisha kutupa kidonge cha unga motoni kabla ya kuoka, ukumbusho kwamba mkate si wako peke yako. Akamfundisha na wimbo: maneno yakiisha, alisema, ndipo roho inapoanza kusema. Melchior aliguswa kweli. Aliguswa zaidi aliposikia kwamba siku ya Sabato mtu hafanyi kazi.

Basi akaishika. Jumamosi Myahudi, Jumapili Mkatoliki, na Jumatatu, eish, amechoka kwa ibada.

"Mama Diane," humwambia mkewe Gaudence Ijumaa giza likiingia, "mimi siwashi taa."

Gaudence anawasha.

"Wala moto siwashi."

Gaudence anawasha, anapika, na mtakatifu anakula ugali wa moto.

Jumamosi ndiyo siku ya Gaudence. Asipowahi alfajiri kutandaza muhogo na dagaa wake kando ya soko la Yeoville, nafasi inachukuliwa, na wiki nzima nyumba inashinda njaa. Magunia aliyabeba mwenyewe, mumewe akimsindikiza kwa wimbo kutoka kitandani.

"Shoga," Zabibu wa Tanga, jirani wa chumba cha pili, akamuuliza Gaudence, "hiyo dini yao haina wanawake?"

Swali likamkaa. Gaudence akamfuata mzee dukani kwake. Mzee akashangaa: Sabato ni ya nyumba nzima, mke, mtoto, mtumishi, mgeni, hata punda! Tena Ijumaa usiku, kabla ya kugusa chakula, mume humwimbia mkewe sifa zake. "Kwani hajakuimbia?"

Gaudence akarudi nyumbani. Jumamosi Melchior akaamka, jiko limepoa. Mkewe yuko kando yake, shuka hadi kidevuni, anaimba yai-dai-dai.

"Mama Diane, chai?"

"Sabato."

"Na soko? Watakunyang'anya nafasi!"

"Wanyang'anye. Mzee wako amesema hata punda apumzike."

"Na mimi je?"

"Wewe una Jumapili."

Dirishani Zabibu alikuwa ameshatega sikio. "Shemeji, magunia yanakuita! Nayo hayajui Kiebrania!"

Melchior akayatazama magunia, akaitazama kofia. Akaivaa, akajitwisha gunia juu yake. Tulimwona akiteremka, kofia imebonyea kama chapati. Sokoni akakuta mama mwingine anakunjua turubai palepale. Akatua gunia mbele yake kwa kishindo, akashinda hapo kutwa akiuza dagaa.

Jioni akarudi, nafasi imesalimika, shingo haigeuki. Gaudence bado kitandani, malkia. Melchior akavua kofia, akamwimbia, na safari hii wimbo ulikuwa na maneno: "Kumbe magunia ni mazito, Mama Diane, kumbe ni mazito."

Sasa niambieni nyinyi mnaojua dini: Sabato ile aliishika nani, aliyelala au aliyebeba gunia?