Maharage ya Njano ya Koko

Nikisikia maharage yakimiminwa kwenye beseni la bati, nakuwa tena mtoto, nimechuchumaa uani kwetu Mururu. Hapo ndipo Maman alipochanganya mbegu kabla ya kupanda: nyeusi ngumu zilizomaliza kuni, nyekundu zenye madoa kama mayai ya ndege, nyeupe, na za njano. Kila msimu alitazama mawingu upande wa ziwa, akaongeza hizi, akapunguza zile, maana mvua ilikuwa imeanza kutudanganya. Lakini hakuna rangi aliyoiacha nje ya beseni. Nilitamani kujua kwa nini. Ila mimi ni wa aibu, maswali yangu hubaki kooni.

Za njano zilitoka kwa Koko, mama yake Maman, kule Bukavu, nchi jirani, ng'ambo ya mto. Miaka hiyo vita vilikuwa huko, mpaka ulifungwa, na hatukujua kama Koko yu hai. Milio ya bunduki ilivuka mto, na Maman akaendelea kupepeta kama hasikii.

Ukaja msimu wa jua kali. Nyeusi zilivumilia. Za njano zilichanua vizuri, halafu maua yakaanguka kabla ya kutunga maganda. Tulivuna za kujaza kikombe tu.

"Upike tukule," Papa akasema. "Hii mbegu ya kwenu ilishakufa."

"Haijakufa. Jua ya hapa ndiyo inaichoma."

Sitaficha: nilikuwa na njaa, na moyoni nilikuwa upande wa Papa.

Asubuhi Maman alichukua kile kikombe cha mbegu, akanishika mkono, tukapanda kilima hadi kwa Maman Furaha, rafiki yake wa kanisani, ambaye shamba lake liko juu kabisa, pale ukungu unapochelewa kuondoka. Alipoambiwa tulichokuja nacho, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Yee! Leo unaniletea maharage ikimbie jua. Kesho utaniletea na mzee yako nimupande?"

"Huyo, weye, hata kwa baridi hataota!"

Walicheka hadi machozi. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Tukiteremka nikathubutu: "Maman, sasa si ya kwetu tena?"

"Ngoja tuone kama itaishi," akasema.

Iliishi. Kule juu maganda yalijaa, wakagawana, na sehemu yake Maman akampa mama mwingine wa huko huko. Kwetu hazikupandwa tena.

Mpaka ulipofunguliwa tulivuka, Maman amebeba kifuani kopo la mbegu za njano alizoomba kwa Maman Furaha. Koko alikuwa hai, amekonda sana. Mbegu zake zote zililiwa siku za kujificha. Alimimina za njano kiganjani, akazigeuza kwa kidole. Hakulia, hakushukuru. Aliuliza:

"Ulipanda wapi?"

"Kule juu, kwa baridi."

Koko akainua macho kwenye mlima nyuma ya nyumba yake. "Basi na mimi nitafute muntu wa kule."

Wakati ule nilidhani Maman alitoa kitu chetu kwa watu. Kwangu, kutunza kulikuwa kufunga mlango na kukaa kimya, kama tulivyofanya usiku wa milio. Siku hizi, nikipita shambani kwetu na kukosa hata ua moja la maharage ya njano, sioni tena kwamba tulipoteza. Maman aliuliza tu swali ambalo mimi sikuwa nalo: hizi mbegu, sasa, zinaweza kuishi wapi?